Je, Wajua? Vumbi la Rungwe, Chuma cha Nyasa

Je, wajua kwamba ukichota lita milioni moja za maji ya juu katika bahari kuu, mbali na pwani, chuma chote kilichomo mara nyingi hakifiki hata sehemu moja ya kumi ya gramu? Sindano ya kushonea haitoki hapo. Lakini kiasi hichohicho ndicho kinachoamua ni wapi vijimea vya baharini vitashamiri na wapi vitadumaa.

Chuma si peke yake. Kuna zinki, shaba, manganisi, kobalti na kadimi, elementi haba ambazo nyingi kati yake viumbe huzihitaji kwa chembe tu. Uwanja wa kuzisaka baharini una mpango wake wa kimataifa, GEOTRACES, ambao meli zake zimekuwa safarini tangu 2010 kwa ushirikiano wa nchi zipatazo 35. Kuchota maji ni kazi rahisi. Kutoyachafua ndiyo shughuli. Meli yenyewe si ni chuma? Basi chupa hushushwa kwa kamba isiyo ya chuma, na maji hayafunguliwi ila ndani ya chumba chenye hewa iliyochujwa, watu wamevaa glovu na kofia utadhani wanaingia kupasua mgonjwa.

Je, wajua kwamba Kyela, kwenye ncha ya kaskazini ya Ziwa Nyasa, haishukwi? Watu wa Tukuyu, kule milimani, husema "nashuka Kyela," na kwao ni kweli. Atokaye baharini hupanda: uso wa Ziwa Nyasa uko karibu mita 475 juu ya usawa wa bahari. Ila ziwa lina kina cha takriban mita 700, kwa hiyo sehemu yake ya chini kabisa imezama zaidi ya mita 200 chini ya usawa huohuo.

Je, wajua kwamba usipa, mbasa na samaki wengine wote wa Nyasa wanaishi kwenye tabaka la juu tu? Ukipita mita 250 hivi kwenda chini, oksijeni imekwisha kabisa. Maji ya chini hayapandi yote kuja juu kupumua, hata kusi livume vipi. Viluwiluwi vya wale wadudu wanaoinuka juu ya ziwa kama moshi wa kuchoma shamba hutumia nafasi hiyo: mchana hujificha kule ambako oksijeni ni kidogo mno, samaki wasivifikie, na usiku hupanda kula.

Hapo kwenye mpaka wa oksijeni ndipo chuma kinapofanya vituko vyake. Ndani ya maji yasiyo na oksijeni chuma huyeyuka, kikasafiri bila kuonekana. Kikipanda kikakutana na oksijeni, kinashika kutu, kinageuka chembe na kuanza kuzama tena, mara nyingi kikiwa kimeng'ang'ania fosforasi ambayo vijimea vya juu vinaililia. Kikifika chini, kinayeyuka upya. Panda, shuka, panda, shuka. Manganisi hufanya vivyo hivyo. Kwenye sakafu ya ziwa hukua vijiwe vya chuma na manganisi, tabaka juu ya tabaka. Mwaka 1973 Wajerumani wawili, German Müller na Ulrich Förstner, waliandika kwamba mawe ya chuma yanajitengeneza humu ziwani leo hii, si zamani za kale.

Je, wajua kwamba kadimi, sumu inayowatia hofu wanunuzi wa kakao, ni chakula kwa baadhi ya vijimea viitwavyo dayatomu? Mwaka 2000 watafiti walithibitisha kwamba dayatomu mmoja wa baharini, akikosa zinki, huweka kadimi mahali pake na maisha yakaendelea. Binadamu hana ujanja huo. Tangu Januari 2019 Umoja wa Ulaya una kiwango cha juu cha kadimi katika chokoleti na unga wa kakao. Mti wa kakao huinyonya kutoka udongoni. Kilio kikubwa hadi sasa kiko Amerika ya Kusini, lakini mkulima wa Kyela naye anauza kwenye soko hilohilo.

Je, wajua kwamba madini joto ya kwenye chumvi yako asili yake ni bahari? Hutoka majini yakiwa hewa na kurudi na mvua. Nyanda za juu kusini, mbali na bahari na zenye mvua inayoosha udongo, zilijua rovu kwa muda mrefu kabla chumvi haijaanza kutiwa madini joto.

Na ile petroli yenye risasi? Afrika kusini mwa Sahara iliachana nayo mwanzoni mwa 2006. Risasi yake bado inapimwa baharini.

Sasa lile ninalolipenda kuliko yote. Mwaka 2005 tishari liitwalo Viphya lilisimama katika ziwa hili, upande wa Malawi, likachoronga sakafu. Katikati ya ziwa, palipo na maji ya mita 592, mtarimbo uliingia mita 380 ndani ya tope. Sampuli nyingine zilichukuliwa katika bonde la kaskazini, jirani na maji yetu. Erik Brown wa Duluth, Minnesota, na wenzake wakapima zirkoni na titani zilizomo kwenye tope hilo la kaskazini, kipande kwa kipande.

Kwa nini hizo mbili? Kwa sababu miamba ya volkano ya Rungwe na jirani zake ina zirkoni nyingi kwa kulinganisha na titani. Upepo wa kaskazini ukivuma sana, vumbi la milima hiyo hupita juu ya Kyela na kuangukia ziwani, na zirkoni hupanda; ukitulia, hushuka. Katika makala yao ya 2007 walisoma historia ya upepo huo kwa miaka 55,000, na wakakuta kwamba Greenland ilipopoa, upepo wa kaskazini ulizidi hapa. Barafu ya huko na vumbi la huku, na katikati hakuna mtu aliyekuwa akiandika chochote.

Katika tope hilohilo la ziwa, mwaka 2013, Christine Lane na wenzake walitangaza kwamba wamekuta vipande vidogo vya kioo vya majivu ya Toba, volkano ya Sumatra iliyolipuka miaka 75,000 iliyopita, zaidi ya kilomita 7,000 kutoka hapa.

Rungwe wenyewe ulilipuka vibaya miaka 4,000 hivi iliyopita, ukamwaga yale mawe mepesi yanayoelea majini. Wataalamu waliofuatilia mawe hayo mlimani hawakuyakuta yamesukumwa upande mmoja. Yameanguka karibu sawa pande zote. Siku ile, upepo haukuvuma.