Mpango wa Shamba Wahitaji Mawazo na Maarifa

Mtu akifika afisini kwetu hapa Eldoret kuuliza habari za mkopo, kwa kawaida swali lake la kwanza ni hili: "Nitapewa pesa ngapi?" Ni wachache wanaouliza, "Nikishazipata, mwezi wa kwanza mwakani mambo yangu yatakuwaje?" Swali hili la pili ndilo lenye faida zaidi, maana dhamana ya mkopo mara nyingi ni shamba lenyewe. Mpango ukiharibika, si daftari linalopotea, bali ni ardhi ya watoto wako.

Shamba ni biashara, na mpango wa biashara hujengwa kwa vitu viwili. Cha kwanza ni mawazo, yaani kuona kwa macho ya moyo jambo ambalo halijatokea. Cha pili ni maarifa, yaani kujua kwa hakika jambo lililokwisha kupimwa. Mwenye mawazo bila maarifa hukopa kwa ajili ya ndoto. Mwenye maarifa bila mawazo humwiga jirani yake tu kila mwaka.

Mfano wa Kitale

Wengi wetu hupanda mahindi ya haibridi. Mbegu hiyo ilipatikanaje? Kazi ya kuzalisha mbegu bora ilianza Kitale mwaka 1955. Wataalamu walikuwa na mahindi mazuri ya hapa kwetu, lakini wakajiuliza: Je, hakuna nchi nyingine yenye milima kama yetu, iliyo karibu na ikweta kama yetu, ambayo mahindi yake yaweza kuchanganywa na haya? Basi wakatafuta mbegu huko Amerika. Hilo lilikuwa wazo. Lakini hawakuwapa wakulima wazo tupu. Walipanda, wakapima na kulinganisha. Mwaka 1964 ikatolewa mbegu ya H611. Mzazi wake mmoja ni mahindi ya Kitale, na mwingine ni mahindi yaliyotoka Ecuador. Bila mawazo hakuna ambaye angekwenda kutafuta mbali hivyo; bila vipimo hakuna ambaye angejua mbegu ipi inafaa.

Mfano wa skimu zetu

Mpango wa Ekari Milioni, wa kuwagawia wananchi mashamba yaliyokuwa ya walowezi, ulianza mwaka 1962. Katika skimu za mashamba madogo, hesabu ilipigwa ili mwenye shamba abaki na Pauni 25, 40 au 70 kwa mwaka, akiisha kulisha jamaa yake na kulipa mkopo. Ilikuwa kazi njema ya kuwaza mbele. Hata hivyo watu wengi walichelewa kulipa. Katika karatasi mashamba mawili yaweza kufanana, lakini udongo haufanani. Karatasi haijui kwamba kona ile hutuama maji, wala kwamba mtoto wa tatu anaingia sekondari. Mwenye kujua hayo ni wewe. Kwa hiyo usingoje bwana shamba akufanyie mpango wote. Yeye ana vipimo, nawe unalijua shamba lako, ketini pamoja.

Tembea mwaka kabla haujafika

Twaa daftari, utenge kurasa 12, moja kwa kila mwezi. Tuseme una ekari tano, nawe wataka kukopa ununue ng'ombe watano wa gredi. Fungua ukurasa wa Januari. Waza: jua ni kali, majani yamekauka, na ada za shule zinadaiwa. Je, ng'ombe watakula nini?

Sasa leta maarifa. Ng'ombe mkubwa wa maziwa anayelishwa bandani aweza kula kilo 70 hivi za nepia mbichi kwa siku. Ng'ombe watano ni kilo 350 kwa siku, na kwa siku 30 ni kilo 10,500. Je, nepia yako yatosha? Tena, ng'ombe hupumzishwa kukamuliwa miezi miwili kabla ya kuzaa. Ukihesabu maziwa ya siku 365 kwa kila ng'ombe, umejidanganya mwenyewe. Labda utaona kwamba yafaa kuanza na wawili, na kufukia saileji shimoni mvua ikiwapo, kisha kuongeza wa tatu baadaye.

Nenda ukurasa wa Aprili. Majaribio ya Kitale katika miaka ya 1960 yalionyesha kwamba kupanda mapema, mvua zinapoanza, huongeza sana mavuno. Basi pesa za mbegu na mbolea ziwe tayari kabla ya mvua. Pesa zitakazofika Mei zimechelewa. Wala usiweke katika hesabu kwamba utapanda tena mbegu ya haibridi uliyoivuna mwenyewe, maana mavuno yake hupungua.

Mawazo si ya kuona mema peke yake. Waza pia mabaya: bei imeshuka wakati wa mavuno kwa kuwa kila mtu anauza siku moja, au ng'ombe amekufa. Kando yake andika utakavyofanya.

Mwisho, kila tarakimu uitie alama. Andika P ikiwa umeipima mwenyewe au umeipata kwa mtu aliyeipima. Andika K ikiwa unakisia. Ukurasa wenye K nyingi usiukopee pesa bado. Uliza kwanza, pima, kisha ubadilishe K ziwe P.

Wazee walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Daftari la mwaka uliopita ni zuri, kwani laonyesha yaliyopita. Lakini anza na la mwaka ujao, kabla hujatia sahihi karatasi ya mkopo.