Si Kila Faili ni Maandishi

Wenzangu wa darasani nanyi ndugu mliokwisha kumaliza shule, nataka kuwaeleza kosa nililolifanya mbele ya kompyuta, ili lisimpate mwingine.

Mwezi wa Mei 2023 mto Sebeya ulifurika ukaingia majumbani mwa watu hapa Rugerero. Mzee mmoja aliyesoma shuleni kwetu zamani alipoteza picha zake zote za karatasi. Kwa bahati kumi kati ya hizo zilikuwa zimekwisha kunakiliwa katika kompyuta ya shule, kila moja faili ya aina ya PNG. Mwaka huu nilipewa kazi ya kuzihamisha, nami nikaandika programu yangu kwa lugha ya Python.

Nilifungua faili ya kwanza kwa "r", kama mtu afunguavyo barua. Programu ikakataa, ikasema haiwezi kufasiri baiti 0x89 iliyo mahali pa 0. Badala ya kutafuta sababu, niliongeza encoding="latin-1" katika kusoma na katika kuandika. Ikanyamaza. Nikafurahi, nikaifuta faili ya asili. Nilipofungua nakala, hapakuwa na picha.

Kumbe faili ya picha si maandishi, bali ni safu ya baiti, yaani namba za toka 0 mpaka 255. Katika maandishi, 10 ni alama ya mwisho wa mstari. Windows huandika mbili, 13 na 10. Basi Python ikisoma kwa njia ya maandishi hugeuza 13, au 13 na 10 pamoja, kuwa 10 tu. Na ikiandika katika Windows hugeuza kila 10 kuwa 13 na 10. Kwa barua haidhuru, lakini picha huharibika. Wala hairudishiki, maana haijulikani tena 10 ipi ilikuwa 13.

Waliotunga PNG, iliyotangazwa mwaka 1996, waliijua hatari hii. Kila faili yake huanza na 137, 80, 78, 71, 13, 10, 26, 10. Yangu ilimalizia 13, 10, 26, 13, 10. Mtego wao ulininasa!

Dawa ni nyepesi: soma kwa "rb", andika kwa "wb", wala usitaje encoding. Tumia with, ili faili ifungwe na baiti za mwisho zisibaki nyuma. Kisha linganisha ukubwa wa faili mbili, fungua nakala uitazame, ndipo ufute ya asili.

Picha tisa zimefika salama. Ya kumi ni ya darasa la mzee, siku ya kumaliza shule. Nilimwendea mwenyewe nikamweleza, naye alinyamaza kitambo, kisha akanisamehe. Basi, ndugu mliosoma naye, mwenye picha hiyo na ailete. Safari hii nitaisoma kwa "rb".