Je, Wajua? Mafuta ya Mbono Kaburi Hayafanani

Katika vijiji vingi vya Tanzania mbono kaburi hupandwa kuzunguka boma au kandokando ya makaburi. Mifugo haiugusi, maana una sumu. Hata hivyo, mbegu zake zina mafuta yanayoweza kuendesha injini. Desemba 30, 2008, Boeing 747 ya Air New Zealand iliruka Auckland, injini yake moja ikichoma mchanganyiko ambao nusu yake ilitokana na mbono, na baadhi ya mbegu zilitoka Tanzania.

Lakini mafuta ya mbegu gani? Kilo 100 za mbegu kutoka mti mmoja zinaweza kuwa na kilo 25 za mafuta, na za mti mwingine zikakaribia 40. Hata mafuta yenyewe yana tabia tofauti. Asidi zinazotawala humo ni oleiki na linoleiki, zikifuatwa na palmitiki, na uwiano wake hubadilika kati ya mti na mti. Palmitiki huwaka vizuri ila huganda upesi. Ndiyo maana dizeli ya mawese, iliyojaa asidi hiyo, ingeziba chujio la gari usiku wa Julai kule Makete. Linoleiki huvumilia baridi kali, lakini ikipigwa na hewa huchacha mapema. Oleiki iko katikati, nami naona mti wenye oleiki nyingi ndio wa kutafutwa.

Uvunaji nao una neno. Kichala kimoja hubeba matunda mabichi, ya njano na yaliyokauka kwa wakati mmoja. Anayekwanyua yote pamoja hupata mafuta machache. Mbegu zikiwekwa ghalani na unyevu, mafuta huvunjika na kuachia asidi huru. Asidi hizo zikizidi asilimia 2 hivi, alkali inayotumika kiwandani kugeuza mafuta kuwa dizeli huzifanya sabuni.

Asili ya mbono ni Mexico na Amerika ya Kati, na Wareno ndio waliousambaza kwa meli. Kwa kuwa chimbuko lilikuwa mbegu chache, mibono ya Afrika na Asia inakaribiana mno kinasaba. Kule Mexico iko ya kila namna, hata isiyo na sumu, ambayo watu wa Veracruz hukaanga mbegu zake na kuzila. Inasikitisha kwamba mashamba makubwa ya mbono huko Kisarawe na Kilwa yalifunguliwa kabla ya kazi ya kuchagua mbegu kukamilika. Wanavijiji walitoa ardhi, na miradi ikafa ndani ya miaka michache.

Aliye na mti mzuri kwenye ua wake anaweza kukata tawi na kulipanda, likatoa mti wenye nasaba ileile. Ila mti wa tawi hauna mzizi mkuu, hivyo ukame huutesa kuliko uliooteshwa kwa mbegu.