Dakika Kumi za Simeulue

Wengi hudhani kwamba kujiandaa kwa maafa ni kazi ya serikali peke yake. Wakazi wa Simeulue, kisiwa cha Indonesia, hawakuingojea serikali. Tarehe 26 Desemba 2004 sakafu ya bahari ilipasuka karibu nao, na katika pwani yao ya kaskazini tsunami ilifika baada ya dakika kumi hivi. Kwa muda huo hakuna afisa awezaye kuwahi. Hata hivyo, kati ya watu wapatao 78,000 walikufa 7 tu, kwa kuwa wazee walikuwa wamesimulia maafa ya mwaka 1907 kwa neno moja, "smong": ardhi ikitetemeka sana na bahari ikajivuta, kimbilia kilimani, samaki waliobaki mchangani waache. Elimu hiyo haikugharimu hata senti.

Bahari hujivuta pale bonde la wimbi linapotangulia kilele chake. Pengine kilele ndicho hutangulia. Basi mtetemeko wenyewe ndio mbiu.

Pwani ya Afrika Mashariki mawimbi hayo yalifika baada ya saa kadhaa, wala hapakuhisiwa mtetemeko wa kumwonya mtu. Somalia walikufa watu wapatao 300. Nchini Kenya habari zilitangulia maji, watu wakaondolewa ufukweni, alikufa mmoja.