Kila Chombo na Gati Lake

Msafiri atokaye Lamu kwa mashua kwenda kisiwani Pate hana budi kungojea maji yajae, kwani mkondo wa Mkanda haupitiki vyema maji yakupwapo. Ndipo afike gatini Mtangawanda. Chombo na gati sharti vipatane. Somo hilo nililisahau siku niliponunua spika.

Nilikuwa nikienda kuwasomesha vijana utenzi wa Mwana Kupona, aliyemtungia bintiye mawaidha mwaka 1858. Usomaji wake niliutia katika iPod nano ya mwaka 2012. Muuzaji, nisiyemtaja, aliniapia kuwa spika yake kuukuu, yenye kitako cha kupachikia iPod, hukubali zote. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Mbele ya darasa zima, iPod haikuingia. Nikausoma utenzi kwa koo lililokauka kwa upepo wa bahari.

Muuzaji ana lawama, lakini mimi sikuuliza. Tangu mwaka 2003, iPod nyingi zilikuwa na tundu pana la pini 30. Mwaka 2012 likaja tundu dogo liitwalo Lightning. Tofauti si umbo tu. Pini 30 zilitoa sauti iliyo tayari kwa spika, ilhali Lightning hutoa sauti ya tarakimu ambayo sharti igeuzwe kwanza. Ndiyo maana adapta nyingine za bei rahisi huchaji kifaa, lakini spika ikabaki bubu. Kisha mwaka 2022 iPod zenyewe zikakomeshwa, na mwaka 2023 iPhone zikahamia USB-C.

Walimu wenzangu, nasi wanafunzi wa mambo haya, tusinunue kwa kuapiwa. Nenda dukani na kifaa chako, ukipachike, usikilize sauti yenyewe. Taa ya chaji si ushahidi. Chagua spika iliyo pia na tundu la waya la milimita 3.5. Laiti yangu ingalikuwa nalo, waya mmoja ungalitosha kuniokoa. Yenye Bluetooth hujiepusha na mzozo wa matundu, na yenye betri hufaa umeme unapokatika.

Fedha za shule ni jasho la wazazi. Zikinunua kitako cha kifaa kisichotengenezwa tena, hasara haiishii mfukoni: sauti za wazee wetu hubaki zimefungiwa, na kijana wa Pate akakosa kuusikia utenzi wa Mwana Kupona.