Ingemar Stenmark, bingwa aliyefungiwa mlango



Katika somo la jiografia tulikuwa tunasoma habari za theluji, na mwenzetu mmoja akauliza: «Je, mtu anaweza kupata franga kwa kuteleza tu juu yake?» Darasa zima likacheka. Lakini ulizo lile si la kucheka, sababu kuna mtu aliyefungiwa mlango wa Olimpiki juu ya jibu lake.

Jina lake ni Ingemar Stenmark. Alizaliwa tarehe 18 Machi 1956 katika Uswidi, nchi tunayoijua kidogo hapa Kivu kwa ajili ya wamisionari waliotoka kule tangu miaka ya 1920. Alikomea Tärnaby, kijiji kidogo cha kaskazini, karibu na mpaka wa Norwe. Kule mwezi wa Desemba jua linaonekana saa chache tu, na theluji inalala chini miezi na miezi. Mtoto wa kule anavaa ski vile mtoto wa kwetu anavyopiga mupira wa majani ya ndizi: hakuna anayemfundisha kuupenda.

Ski ni nini? Ni mbao mbili ndefu na nyembamba, zinafungwa chini ya viatu vigumu, na mtu anashuka nazo mlimani. Mashindano yake yako ya namna mbalimbali. Kuna mbio ya kushuka yenyewe, ambamo mtu anajiachilia karibu moja kwa moja, hata kupita kilometa 130 kwa saa. Hapo hapana mchezo, ukianguka unaweza kufa. Kuna tena slalomu: wanasimika fito juu ya theluji kama milango, karibu karibu, na mshindani anapita akijigeuza kuume na kushoto kama nyoka. Ukiruka mlango mmoja tu, umetoka. Katika slalomu kubwa milango iko mbali zaidi na mwendo ni mkali zaidi.

Hawashuki bega kwa bega. Kila mmoja anashuka peke yake, na adui yake ni saa. Katika slalomu zote mbili anashuka mara mbili, kisha wanajumlisha. Na saa hiyo inagawanya segonde moja mara mia. Pepesa jicho: tayari umepoteza medali!

Stenmark hakupenda sana ile mbio ya kushuka. Yeye alikuwa mtu wa milango. Alishinda Kombe la Dunia mara ya kwanza mwezi wa Desemba 1974, kule Madonna di Campiglio katika Italia, akiwa na miaka 18. Halafu akachukua Kombe lote la mwaka mara tatu mfululizo: 1976, 1977 na 1978. Desturi yake ilikuwa kushuka mara ya kwanza kwa utulivu, watu wakisema leo ameshindwa, kisha mara ya pili anawapita wote. Inasemwa kwamba katika Uswidi kazi na masomo yalisimama ili watu wamwangalie kwenye televisheni. (Walimu wetu wasiogope, hatuombi kitu.)

Na maneno? Hakuwa nayo. Waandishi wa habari walimfuata na maulizo marefu, yeye anajibu kwa neno moja au mawili.

Katika msimu wa 1978-1979 alishinda mashindano 13. Slalomu kubwa zilikuwa 10, akazishinda zote 10. Siku moja ya Februari 1979, kule Jasná katika Chekoslovakia ya zamani, alimwacha wa pili, Bojan Križaj wa Yugoslavia, kwa segonde 4 na sehemu 6 za mia. Katika mchezo ambamo watu wanatengwa na sehemu za mia tu, hiyo ni kama kufika nyumbani na kuoga wakati wenzako wangali njiani.

Lakini angalia: mwaka ule ule hakupata Kombe lote! Alikuwa wa 5. Kanuni zilikuwa zimebadilishwa, zikihesabu matokeo machache tu ya kila namna ya mbio, basi aliyejua namna mbili tu hakuweza kuongeza alama. Wengi walisema kanuni ile ilitungwa juu yake. Akajaribu mbio ya kushuka, na mwezi wa Septemba 1979 akaanguka vibaya katika mazoezi, akaumia kichwa. Miezi mitano baadaye, kule Lake Placid katika Marekani, akapata medali mbili za zahabu za Olimpiki: slalomu na slalomu kubwa. Katika zote mbili hakuwa wa kwanza baada ya kushuka mara ya kwanza. Ni vile alivyokuwa.

Sasa tufike kwenye ulizo la franga. Wakati ule Olimpiki ilikuwa ya watu wasiolipwa. Katika 1972 Karl Schranz wa Austria alirudishwa kutoka Sapporo kabla ya kushindana, sababu waliona amejifanya tangazo la biashara. Lakini wote walijua kwamba viwanda vya ski vinatoa feza. Njia iliyokubaliwa ilikuwa hii: kiwanda kinalipa shirikisho la mchezo la nchi, nalo linamtunzia mchezaji. Feza ni ile ile, mkono tu ndio mwingine.

Mwaka wa 1980 Stenmark aliomba ruhusa ya namna nyingine, walioiita leseni B, ili alipwe yeye mwenyewe bila kupitia mkono huo. Kombe la Dunia likamkubali. Olimpiki ikamkataa. Hivi, katika 1984, michezo ilipofanyika Sarajevo, bingwa wa slalomu zote mbili alibaki nje, angali anashinda mashindano ya Kombe la Dunia msimu ule ule. Hanni Wenzel wa Liechtenstein, mwanamke aliyepata zahabu mbili kama yeye katika 1980, alifungiwa kwa sababu ile ile. Zahabu za wanaume zikaenda kwa Phil Mahre wa Marekani na Max Julen wa Uswisi. Hao hawakuiba kitu, walishinda waliokuwako. Lakini mimi naona aibu ilikuwa ya kanuni: aliyepokea waziwazi alikuwa mkosaji, na aliyepokea kwa kuzunguka alikuwa safi.

Mwaka wa 1986 Kamati ya Olimpiki ikaachia mashirikisho ya kila mchezo kuamua. Stenmark akarudi katika 1988 kule Calgary, karibu na miaka 32, akawa wa 5 katika slalomu. Alishinda mara ya mwisho Februari 1989 kule Aspen, kisha akaacha. Hesabu yake: ushindi 86, yaani slalomu 40 na slalomu kubwa 46.

Hesabu hiyo ilikaa miaka 34. Tarehe 11 Machi 2023 Mikaela Shiffrin, mwanamke wa Marekani, alishinda mara ya 87, tena kule Åre, katika Uswidi yenyewe. Katika 2025 akafika 100. Stenmark alikuwa amekwisha kusema kwamba yule dada anamzidi. Kwa upande wa wanaume, bado hakuna aliyefika 86.