Maumivu Yasiyokwisha, Vidonge, na Siri ya Aibu

Kila padri aliyefanya kazi vijijini anamjua mtu huyu. Hufika mapema mbele ya Misa, hukaa nyuma karibu na ukuta kwa kuwa hawezi kupiga magoti, na ukimwuliza habari hujibu: "Tuko, Padri." Amejibu hivyo miaka mitano. Miaka mitano hiyo mwili wake unauma, wala hakuna tena mwenye kumpa pole, kwani watu wamezoea. Juu ya mtu huyu tunataka kusema leo, na juu ya vidonge vilivyo katika mfuko wake, na juu ya sababu yenye kumfanya avifiche.

Tusiseme mambo ya hewani. Tuangalie Lubondja, katika milima ya Fizi. Watu wa kule, wengi wao Wabembe, huishi kwa jembe. Mama hulima muhogo, huuchimba, huulowesha, kiisha huupandisha mlima mgongoni. Vijana wengi wa Fizi wamekwenda kutafuta zahabu Misisi. Huko hupiga mwamba kwa nyundo na kuinama ndani ya shimo tangu asubuhi hata jioni. Kule Baraka wavuvi huvuta nyavu za ndagala usiku kucha. Tena vita vimepita nchi hii mwaka 1964, vikarudi 1996 na 1998, na miaka iliyofuata haikuwa ya amani. Vimeacha risasi katika mapaja ya watu, na mifupa iliyoungana vibaya. Wako wagonjwa wa damu ya selimundu, wenye kuumwa viungo tangu utoto. Wako wamama wenye saratani ya kizazi, na hao huumwa kuliko wote na kusema kidogo kuliko wote.

Mtu wa namna hiyo, hospitali kubwa iko mbali naye, na safari ni gharama. Mwenye kuuza dawa yuko karibu, na hamwombi karatasi ya munganga.

Wanganga hupambanua maumivu ya namna mbili. Ya kwanza ni mlinzi mwema: umekanyaga mwiba, mguu unalia, unauondoa mwiba, kilio kinanyamaza. Lakini maumivu yakipita miezi mitatu, huyaita maumivu ya kudumu. Hapo yamekuwa kama kengele ya misioni iliyopigwa juu ya moto, na moto umezimika zamani, nayo inalia bado. Mishipa ya fahamu imejifunza kulia. Kwa hiyo munganga akipiga picha ya mgongo na kukosa kidonda, asiseme mtu kwamba mgonjwa anajifanya. Wagonjwa wengi wametuambia kwamba neno hilo, "huna kitu", liliwaumiza kuliko mgongo wenyewe.

Mgonjwa huanza na parasetamoli. Haitoshi. Rafiki anamletea kidonge kingine, tramadoli. Dawa hii ilitengenezwa Ujerumani na kampuni Grünenthal mwaka 1962, ikaanza kuuzwa mwaka 1977. Ni ya jamii ya morfini, ingawa nguvu yake ni ndogo. Ini huigeuza kuwa kitu chenye nguvu zaidi, nacho huenda kufunga mlango wa maumivu katika ubongo. Munganga akiitoa kwa kipimo, na kwa siku zenye kuhesabiwa, ni dawa nzuri. Kwa mtu mzima kipimo hakipiti miligramu 400 kwa siku, maana yake vidonge vinane vya 50. Lakini huko Afrika ya Magharibi wamekamata vidonge vya miligramu 225, na hata 250, kila kimoja. Mwenye kununua sokoni anameza nini? Yeye mwenyewe hajui, wala mwuzaji hajui.

Majuma yakipita, mwili huzoea. Kidonge kimoja hakifanyi kitu, anameza viwili, kiisha vinne. Siku akikosa, anapiga miayo, jasho linamtoka, pua inachuruzika, tumbo linasokota, anahara, halali usingizi, na maumivu yake ya zamani yanarudi na nguvu mpya. Yeye hufikiri: ugonjwa wangu umezidi. Kumbe ni mwili wenye kudai dawa yake. Hapa ndipo wengi wanapofungwa bila kujua ni mlango gani walioingilia. Hawakutafuta furaha, walitafuta kulima.

Iko hatari mbili ambazo katekista anapaswa kuzijua kwa moyo. Ya kwanza: tramadoli pamoja na lotoko, au pamoja na vidonge vya usingizi, huweza kuzuia pumzi, na mtu akafa amelala. Ya pili: tramadoli ikizidi huweza kuleta mtukutiko kama wa kifafa. Tufikiri kijana ameanguka mbele ya kanisa, anatetemeka, povu mdomoni. Wengine watasema amelogwa. Wengine watamkusanyikia wakimkemea pepo kwa sauti kubwa. Hatukatazi kusali, hata kidogo! Lakini kwanza mlazeni ubavu, ondoeni mawe karibu naye, msimtie kitu mdomoni, mpelekeni kwenye kituo cha afya. Na mmoja aangalie mifukoni mwake amemeza nini, akamwambie mwuguzi.

Wako Wakristu wenye kudhani kwamba kuumwa ni msalaba, na kwamba kuuondoa kwa dawa ni kumkimbia Bwana. Mafundisho ya Eklezia siyo hayo. Tarehe 24 Februari 1957 Papa Pius XII aliwajibu wanganga wa kulaza wagonjwa mbele ya kupasuliwa, waliomwuliza juu ya jambo hili hili. Alisema Mkristu halazimishwi kutaka maumivu kwa ajili ya maumivu. Ni halali kuyatuliza kwa dawa za namna ya morfini, hata kama dawa hiyo huenda ikapunguza siku za mgonjwa mwenye kufa, ikiwa hakuna njia nyingine, na ikiwa haimzuii kutimiza wajibu wake mwingine wa dini na wa maisha. Katekisimu ya Eklezia Katolika yafundisha vile vile, namba 2279. Katekisimu hiyo hiyo, namba 2291, yasema kutumia dawa za kulevya pasipo sababu ya uganga ni kosa kubwa. Wengi hushika namba moja na kusahau nyingine. Tena wasisahau namba 1735, yenye kusema kwamba hatia huweza kupunguka, na hata kufutika, kwa sababu ya ujinga, hofu au mazoea.

Kwa hiyo tusichanganye watu wawili. Mama mwenye saratani, anayepewa morfini kwa saa yake, mwili wake utazoea, ndiyo. Lakini si mtumwa wa dawa, kwani dawa inamrudishia maisha: anakula, analala, anasema na watoto wake. Mwingine dawa inamnyang'anya maisha: anauza mbuzi, anawadanganya wa nyumbani, anaacha shamba. Huyu wa pili naye ni mgonjwa, wala si mhalifu tu.

Tusome habari ya Mtakatifu Marko Ji Tianxiang, wa nchi ya China. Alikuwa munganga na Mkristu mwema, akatibu maskini bila malipo. Tumbo lilimwuma, akajitibu kwa afyuni, dawa ya siku zile, ikamfunga. Alikwenda kuungama mara kwa mara dhambi ile ile, mpaka padri akaona kwamba hana nia ya kweli ya kuiacha, akamnyima maondoleo. Miaka 30 Marko hakupokea komunyo. Miaka 30 hiyo hakuacha kufika kanisani, wala hakuacha afyuni. Mwaka 1900, wakati Wakristu walipowindwa, alikamatwa pamoja na jamaa yake. Husimuliwa kwamba aliomba auawe wa mwisho, ili asiwepo mmoja wao mwenye kufa peke yake. Papa Yohane Paulo II alimwandika kati ya watakatifu tarehe 1 Oktoba 2000.

Padri yule hatumhukumu. Elimu ya wakati wake haikumfundisha kwamba mwili uliozoea afyuni haufunguliwi kwa ahadi peke yake. Sisi tumefundishwa. Ikiwa leo tunamwambia mwenye kuungama: "Tupa vidonge vyote leo, urudi ukiwa mtu mpya," tunamtuma kwenye siku tatu au nne za mateso, atazishindwa, na ataona aibu kurudi kwetu. Kuacha ni polepole, kwa kupunguza sehemu ndogo ndogo, kwa mfano moja juu ya kumi, na munganga au mwuguzi akipanga majuma. Na maumivu yenyewe yatafutiwe msaada mwingine wakati ule ule: mazoezi ya mgongo, maji ya moto, mzigo kugawanywa mara mbili, usingizi, dawa zisizofunga. Bila hivyo tumemwondolea fimbo kiwete tukimwambia atembee.

Tunakuja sasa kwenye siri, ambayo ndiyo iliyotufanya kuandika. Tutoe mfano wa katekista; hauna jina, kwani ni mfano wa wengi. Anatembea kilometa nyingi kutoka sukursali moja kwenda nyingine, goti lake liliharibika zamani, bila vidonge hafiki. Anaogopa mambo matatu: mke asijue fedha zinakokwenda, Wakristu wasimwite mvuta bangi, padri asimwondoe kazini. Kwa hiyo humeza gizani, huongeza gizani, na mwuguzi akimwuliza anatumia dawa gani hujibu: "Hakuna." Jibu hilo laweza kumwua, kwani mwuguzi, bila kujua, atamwongezea dawa isiyopatana na ile.

Anakuja kuungama. Hapa padri ashike vizuri sheria. Kanuni 983 yafunga mdomo wake kabisa. Kanuni 984 yaendelea mbele zaidi: asitumie alichosikia kwa kumdhuru mwenye kuungama, hata kama hakuna hatari ya siri kutoka. Basi asimwondoe katekista kazini kwa neno la ungamo, asibadili sura yake mbele yake, asimwulize habari sakristiani. Lakini siri ya ungamo ni ya padri, si kamba ya kumfunga mgonjwa. Mgonjwa ni huru kusema. Padri aweza kumshauri, ndani ya sakramenti: "Uniambie tena nje, ukitaka, tutafute pamoja munganga, na umwambie mke wako." Ashauri tu, asilazimishe.

Mtu asipoona fasi ya kusema bila kupoteza mkate wake, hatasema. Hili ni letu, si lake. Paroki yenye kuwafukuza wagonjwa wa namna hii itakuwa na wagonjwa wa siri tu. Wala tusidhani kwamba mapadri na mafratri hawamo. Nao wana migongo, na wengine wana funguo za kabati ya dawa.

Wengine watauliza: je, si afadhali serikali izifunge dawa hizi zote? Mwaka 2017 tume ya jarida la Lancet ilihesabu kwamba kati ya tani 298,5 za dawa za jamii ya morfini zilizogawanywa duniani kwa mwaka, nchi maskini kabisa zilipata tani 0,1, ndiyo kilo mia moja. Tunazo nyingi zilizouzwa vibaya na chache zilizotolewa vizuri. Jirani zetu wa Uganda wameonyesha njia. Mwaka 1993 Dr Anne Merriman, aliyekuwa mtawa miaka mingi, alianzisha Hospice Africa Uganda. Huko unga wa morfini huchanganywa na maji na kutiwa rangi kufuata nguvu yake, na wagonjwa huinywa nyumbani. Tangu 2004 wauguzi wenye kufundishwa kwa kazi hiyo wana ruhusa ya kuiandika, na kila chupa inaandikwa katika kitabu. Mama wa Uganda mwenye saratani anaweza kufa bila kupiga kelele. Yule wa milima yetu, mara nyingi, anasubiri kidonge cha sokoni, akitumaini kwamba ndani yake mna kitu.

Katekista mwenye kutembelea wagonjwa aanze na swali dogo, siku ya kwanza, akiwa peke yake na mgonjwa na bila daftari mkononi: "Unameza nini ili ulale usiku?" Akisikia jibu, asishtuke. Amwombe amwonyeshe vidonge, asome jina na miligramu kama zimeandikwa, aulize vingapi kwa siku na tangu lini. Kiisha amwulize kama anakubali waende wote wawili kwa mwuguzi wa kituo, siku ya soko, wakati watu wengi wana safari zao na hakuna mwenye kuuliza wanakwenda wapi.